Tawi Juu ya Kitanda cha Mama Mkwe

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo magoti yangu yanaikumbuka kuliko kichwa changu. Nikipanda kitu chochote kirefu kuliko kiti, hata kubadilisha balbu, magoti yanaanza kutetemeka, nami najua yameikumbuka tena.

Jumapili nilipokuja kwako kuona nyumba mliyohamia, yalitetemeka nikiwa nimekaa. Chakula kilikuwa kizuri, mwambie mke wako nimeshukuru, na kama aliona sikumaliza sahani, asidhani ni kosa la mboga. Nilikuwa naangalia dirisha. Nasema dirisha, lakini lenyewe sikuliona: bugenvilia imelifunika lote, na ninyi mnawasha taa saa sita mchana kama watu wa mgodini. Kisha nikasikia kitu kinakwaruza mabati. Nikakuuliza ni nini, ukacheka, ukasema, "Papa, ni tawi tu ya avoka, inatupatiaka kivuli." Mimi sikucheka. Na wakati wa kunisindikiza ukaniambia mama mkwe wako anakuja kumsaidia binti yake kujifungua, na kwamba mmemtengea kile chumba cha pembeni. Nikapanda teksi bila kusema kitu, kwa sababu jambo hili halisemwi mlangoni mtu akiwa ameshika mwavuli. Ndiyo maana leo nimekuita. Kaa vizuri.

Wakati ninaotaka kukuambia, mama yako na mimi tulikuwa tumeoana karibuni, na wewe ulikuwa tumboni. Tulikaa Kampemba, katika nyumba ndogo ambayo aliyeijenga, Mungu amrehemu, alipanda mti wa avoka hatua moja tu kutoka ukutani. Nadhani siku aliyoupanda ulikuwa na urefu wa kijiko, akaona nafasi inatosha. Sisi tulipoingia, mti ulikuwa umeipita nyumba kwa urefu na kwa akili. Tawi moja, nene kama paja la mtu mzima, lilikuwa limevuka juu ya chumba cha pembeni na kulaza kichwa chake juu ya mabati. Chini ya mti kulikuwa na bugenvilia ambayo hakuna mtu aliyeiambia ipande, ikapanda. Ilizunguka shina, ikaingia kwenye tawi, ikashuka upande wa pili mpaka kwenye mfereji wa maji, na ukiwa barabarani hukujua nyumba inaishia wapi na kichaka kinaanzia wapi. Ukuta wa upande ule ulikuwa na ukungu wa kijani, na panya walikuwa wakipita juu ya tawi kuingia darini bila hata kubisha hodi.

Mama yako aliniambia nikate. Nikasema tungoje kwanza avoka zikomae. Zikakomaa, tukala, tukagawia majirani, nikasema sasa baridi imeingia, nani anapanda mti mikono ikiwa imekufa ganzi? Baridi ikaisha, joto likaja, nikasema tusikate kivuli wakati wa joto, tutaungua humu ndani. Nilikuwa na sababu kwa kila msimu, mwanangu, na zote zilikuwa sababu nzuri. Halafu mawingu ya mvua yakaanza kujikusanya, na habari ikatoka Pweto kwamba mama yake anakuja kwa ajili ya uzazi. Béa, yaani mama yako, hakusema tena habari ya tawi. Alisema tu, "Mama atalala kile chumba," akaendelea kuchambua mboga. Unamjua mama yako. Akipiga kelele huna la kuogopa.

Sasa lazima nikueleze bukwe, maana ninyi siku hizi mnapiga picha na mama wakwe zenu mkiwa mmeshikana mabega, na wanawatumia vichekesho kwenye simu. Kwetu haikuwa hivyo. Mkwe hakumtazama mama mkwe usoni. Hakula mbele yake, hakutamka jina lake, hakusema naye moja kwa moja, na wakikutana njiani yeye ndiye aliyeingia majanini. Kukaa mahali palipo juu ya kichwa chake, hilo hata halikutajwa kati ya makatazo, kwa sababu hakuna aliyedhani mtu atalifanya. Hali hiyo iliendelea mpaka watu wa mke wapike kuku, wamwekee mkwe mbele yake, ale. Kuanzia hapo anakuwa mtoto wa nyumba na mdomo wake unafunguliwa. Mimi kuku wangu alikuwa bado. Mashangazi wa Pweto walikuwa wakiahirisha, mara kuna msiba, mara barabara imekatika. Kwa hiyo nyanya yako nilikuwa nimemwona siku ya ndoa tu, na nilichokiona ni viatu vyake. Ningeweza kuvitambua sokoni kati ya viatu vyote vya Lubumbashi. Uso wake sikuujua.

Siku ile ilikuwa Jumamosi, asubuhi. Béa alikwenda sokoni. Nikaona ndiyo nafasi yangu: nikate tawi kabla hajarudi, akute kazi imekwisha, anisifu. Nikaazima ngazi kwa jirani yetu Papa Mukendi, fundi cherehani, mtu wa Kasai mwenye adabu nyingi sana, ambaye hakuweza kukuomba chumvi bila kuulizia afya ya ukoo mzima. Nikavaa kaptula yangu ya kazi. Kuhusu kaptula hiyo nitasema tu kwamba ilikuwa imepasuka nyuma, mahali ambapo kaptula haitakiwi kupasuka, na kwa vile nilikuwa peke yangu niliona haina neno. Nikachukua msumeno, nikapanda, nikapenya ndani ya bugenvilia, ikanichana mikono yote, nikajiweka vizuri kwenye panda ya mti.

Nikaanza kukata pale pale shinani, kwenye unene wote, kutoka juu kwenda chini. Mtu anayejua kazi angeanza na ncha, apunguze uzito kidogo kidogo. Mimi nilitaka limalizike kwa mara moja. Nilipopita nusu, tawi likainama, mdomo wa mkato ukafunga, ukaubana msumeno. Nikavuta, ukakataa. Nikasukuma, ukakataa. Sasa tawi zima lilikuwa limeshikwa na nusu ya mti wake, na nguvu za bugenvilia, na huruma ya mabati.

Nikiwa katika kuvuta, geti likalia. Nikachungulia kati ya majani, nikaona kitambaa cha kichwa cha Béa, na pembeni yake kitambaa kingine, cha bluu, cha mtu nisiyemjua, na kapu kubwa. Nikafikiri ni rafiki yake wa sokoni. Wakatandika mkeka chini ya mti, upande wa geti, kwenye kivuli, moja kwa moja chini yangu. Yule mgeni akakaa, akanyoosha miguu, akavua viatu.

Mwanangu, nilivitambua.

Alikuwa amepata lori lililotoka Pweto mapema, akashukia sokoni, akakutana na binti yake hapo hapo kati ya nyanya na vitunguu. Na mimi nilikuwa juu ya kichwa chake, nikiwa nimevaa kaptula ile. Ningefanya nini? Kushuka ni kutua mapajani mwake. Kusema ni kumfanya ainue macho, na akiinua macho, basi mimi nisingebaki na uso wa kuonyesha Pweto maisha yangu yote. Nikajiambia: yuko nje, tawi liko upande wa nyumba, likianguka halimpati. Nikae kimya. Akienda kuoga nitashuka, nivae suruali, nitokee getini kama mtu anayetoka matembezini. Niliona ni mpango wa mtu mwenye heshima. Hata nilijisifu kidogo.

Chai ikaletwa. Halafu Papa Mukendi akatokea, nami nilijua anachofuata: ngazi yake.

"Bonjour, bamama. Karibu sana ku Lubumbashi. Safari ilikuwa muzuri? Na bantu ya Pweto, bote beko muzuri? Na batoto?" Akaendelea hivyo mpaka akawamaliza watu wa Pweto. "Bon. Mi nakuya tu kukamata eshele yangu. Nazani Ilunga amemaliza kazi."

"Kamata tu, papa," Béa akasema. "Ye haiko, nazani ametoka."

Nikaiona ngazi inaondoka. Ilipita chini yangu polepole, ikageuka kwenye kona, ikatoka getini, na mimi nikiwa nimekumbatia mti kama mtoto aliyeachwa stesheni. Hapo ndipo chungu waliponigundua. Si wale wadogo wanaotembea kwenye sukari. Wale wekundu wa kwenye miti, ambao kila mmoja ana ghadhabu yake binafsi. Walipanda kwa kupitia mahali pale palipopasuka. Niseme tu kwamba nililia machozi bila sauti, na chini yangu watu walikuwa wakinywa chai.

"Béa," nyanya yako akasema, "ule bwana yako iko na heshima mingi. Tangu ndoa yenu, mi siyasikia hata sauti yake. Bengine banasemaka mingi, banacheka mbele ya mama mukwe sawa beko na barafiki. Ye, apana."

"Ndiyo, mama."

"Lakini uyu muti. Muntu gani anaachaka muti inalala juu ya nyumba?"

"Anasemaka atakata, mama."

"Lini?"

"Anasemaka kesho."

Wakacheka wote wawili, cheko refu, na mkeka ukatikisika. Nikajikuna kwa mguu, na katika kujikuna kandambili yangu moja ikaponyoka. Ikaanguka karibu na birika. Ilikuwa kandambili niliyoishona kwa waya, Béa alikuwa ameniomba niitupe kwa miezi mingi, kwa hiyo hakuhitaji kuuliza ni ya nani. Mama yake akaiangalia, akasema bila shaka ni paka. Béa akainua macho.

Tukatazamana. Nikaweka kidole mdomoni. Kisha nikaonyesha tawi, nikaonyesha nyumba, nikapunga mkono kwa nguvu kumwambia hapana, msiingie. Kwangu mimi ilikuwa wazi kabisa. Lakini jiweke mahali pake: unamwona mumeo juu ya mti, nusu uchi, ananyamazisha watu, anaonyesha nyumba, anapunga mkono kama anayefukuza mbuzi. Mama yako, kwa upendo wake wote, alielewa kwamba naomba amwondoe mama yake ili nishuke bila aibu.

"Mama, jua inakuya huku," akasema. "Twende ndani ulale kidogo, safari ilikuwa murefu."

Akamwingiza, na kapu lake la samaki wakavu, ndani ya kile chumba.

Alipotoka nilimnong'oneza, lakini alikuwa ameshageuka kuelekea kwa Papa Mukendi kufuata ngazi, akikimbia kadiri mwanamke mwenye tumbo lile anavyoweza kukimbia. Nikabaki peke yangu na nyanya yako, yeye chini ya tawi na mimi juu yake. Na upepo ukaanza, ule upepo wa kabla ya mvua ya kwanza, unaokuja na vumbi na karatasi. Mti ukatoa sauti fupi. Nikaangalia mkato wangu: chini yake kulikuwa kumefunguka ufa mweupe ambao mwanzo haukuwepo.

Unadhani nilifanya nini? Utadhani nilipiga kelele. Mwanangu, nilikohoa.

Kwetu, mtu anayetaka ijulikane yupo bila kusema, hukohoa. Dirisha lilikuwa wazi nyuma ya bugenvilia, nikasikia sauti yake: "Nani?" Nikanyamaza, maana singeweza kumjibu. Nikakohoa tena, kwa nguvu zaidi. "Muntu ya kukohola," akasema, "benye nyumba batoka. Utarudia nyuma." Nikakohoa mpaka kifua kikauma. "Pole, papa," akasema kwa huruma. "Kunywaka mayi ya moto." Kisha nikasikia kitanda kinalia. Alikuwa amejilaza.

Ufa ukapanuka, tawi likashuka kidogo, likasimama, na mabati yakagumia. Nikajiona nikisimama mbele ya watu wa Pweto, nikiwaeleza kwamba mama yao amekufa lakini mimi sikumkosea adabu. Koo langu likafunguka lenyewe.

"Mama, toka inje! Toka, muti inaanguka!"

Hayo ndiyo maneno yangu ya kwanza kwa mama mkwe wangu. Wanasema yalisikika mpaka sokoni. Akatoka mbio, mkono mmoja umeshika kitenge, bila viatu, akafika katikati ya kiwanja akageuka, na kabla hajauliza kitu tawi likaondoka. Kile kichwa kinene kiliteremka juu ya mabati, kikayakunja, kikaingia ndani na kutua juu ya kitanda, upande wa mto. Bugenvilia ikalifuata tawi, ikaung'oa mfereji wote wa maji. Vumbi likapanda, majani yakaendelea kudondoka muda mrefu, na harufu ya samaki wakavu ikajaa Kampemba.

Béa na Papa Mukendi walikuwa wameingia getini wakati ule ule. Papa Mukendi, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakusalimu. Alikuja akaegemeza ngazi kwenye mti, akarudi nyuma.

Na hapo shida nyingine ikaanza. Nikishuka nikiwa nimeelekea kiwanjani, nitamtazama mama mkwe usoni. Nikishuka nikiwa nimeelekea mti, kama watu wote wanavyoshuka ngazi, kaptula itamsalimia. Nikasimama kule juu nikipima. Ndipo niliposikia: "Béa, ambia bwana yako, mi nageuka." Akageukia ukuta wa jirani, akasubiri, na Papa Mukendi naye akageuka kwa adabu, nikashuka. Béa akanifunga kitenge chake kiunoni bila kuniangalia.

Nyanya yako akageuka tena. Tulikuwa tumeachana kwa urefu wa mkeka, lakini bukwe ni bukwe, akasema kupitia kwa binti yake.

"Béa, uliza bwana yako: alikuwa kule juu tangu wakati gani?"

"Mama anauliza, tangu wakati gani."

"Tangu mbele ya chai," nikajibu, nikiangalia miguu yake ambayo haikuwa na viatu.

"Anasema tangu mbele ya chai, mama."

"Muulize: alijua ile tawi ilikatwa nusu?"

Nikaitikia kwa kichwa. "Alijua, mama."

"Muulize: ni ye njo alikuwa anakohola?"

Mabega ya Papa Mukendi yakaanza kutikisika. Akajifanya anachunguza ngazi.

"Muulize," nyanya yako akaanza tena, halafu akajikatiza. "Apana. Maneno iko mu kifua yangu haiwezi kupita mu mulomo ya muntu mwengine. Béa, weka mayi ku moto. Ile bukwe tunaimaliza leo."

"Mama, na bashangazi ya Pweto? Na kuku?"

"Bashangazi ya Pweto habakuwa ndani ya ile chumba."

Nimeishi miaka mingi, mwanangu, nimehudhuria bukwe nyingi zikiondolewa, kwa kuku, kwa ngoma, kwa vigelegele. Sijaona nyingine iliyoondolewa ili mtu apate kugombezwa uso kwa uso. Béa akaingia chini ya mabati yaliyokunjamana akatoa samaki, akawapangusa majani, akawapika, akasonga na bukari. Nyanya yako akachukua sahani kwa mikono yake mwenyewe, akaiweka mbele yangu, akakaa kinyume changu, akasema, "Kula." Nikamega, nikachovya, nikameza. Akamgeukia Papa Mukendi.

"Papa, umeona amekula?"

"Nimeona, mama. Vraiment, amekula."

"Bon."

Akaanza. Na mimi ambaye sikuwa nimewahi kuisikia sauti yake ikisema nami, niliisikia yote siku moja. Alisema habari ya mti unaolala juu ya nyumba, na kesho zangu, na bugenvilia inayozuia jua kuingia mahali mtoto atakapolala. Halafu akapunguza sauti, na hapo ndipo iliponiuma.

"Uliniona nikiingia. Ulijua. Na ulikohola. Ile ni heshima gani, Ilunga? Ulitaka kuniheshimu mpaka mu kaburi? Mi nilikuya kupokea mutoto. Sasa Béa angezaa mu mikono ya nani?"

Nikainua macho, kwa sababu sasa ilikuwa ruhusa, nikaona uso wake kwa mara ya kwanza. Ulikuwa uso wa mama yako, umezeeka tu. Na kila upepo ulipopita kwenye mti, macho yake yalikwenda juu kabla hajamaliza neno. Asubuhi nzima nilikuwa nimewaza aibu yangu, kaptula yangu, jina langu kule Pweto. Haikunijia hata mara moja kwamba yule niliyekuwa namwogopa ni mtu anayeweza kuogopa. Nililia, mwanangu, bukari ikiwa mdomoni. Akanisukumia kikombe cha maji, akaendelea kunigombeza, lakini polepole.

Tuliezeka chumba kwa mabati mapya kwa msaada wa majirani, mvua ikiwa tayari inatunyeshea, na wewe ukazaliwa salama, ukapokelewa na mikono ile ile. Miti na vichaka vyote vya nyumba ile nilivikata mwenyewe kuanzia hapo, nyanya yako akiwa amesimama getini ananielekeza kwa sauti ambayo sikuihitaji. Alikaa nasi sana. Jina lake sijalitamka mpaka leo, ulimi haukubali, lakini tuliongea kila siku mpaka Mungu alipomchukua.

Sasa sikiliza. Kabla mama mkwe wako hajafika, lile tawi lishuke. Usianze shinani kama mimi. Anza na ncha, vipande vidogo, tawi lipungue uzito kabla hujaufikia unene. Unapofika kwenye unene, kata kidogo kutoka chini kwanza, halafu ndipo ukate kutoka juu, lisije likapasuka na kukuchagulia mahali pa kuangukia. Lifunge kamba, mtu mmoja ashike chini, mbali. Nyumba iwe tupu wakati unakata, na ukishaanza tawi usiliache nusu kwa ajili ya chai wala mgeni wala mvua. Kama ni kubwa kuliko uwezo wako, ita watu wa kazi hiyo, hutapungukiwa uanaume. Bugenvilia iondoe ukutani, uipande mbali ambapo mtu anaweza kupita na ndoo kati yake na nyumba. Jua lifike ukutani, mfereji wa maji uzibuliwe, panya watafute njia nyingine. Na kata kila mwaka, kitu kikiwa bado chembamba. Kinachokatwa kwa kisu leo, ukikiacha, kitakutaka msumeno na majirani.

Hayo ni ya mti. La pili ni dogo kwa maneno. Watu wa nyumba yako, mke wako, mama mkwe wako, mimi mwenyewe, waheshimu sana, nami nitafurahi kuona unawaheshimu. Lakini siku utakapoona kitu kinawaangukia, usitafute namna nzuri ya kusema. Usikohoe, usitume mtu, usingoje uvae suruali. Waite kwa sauti yako yote, waje wakugombeze wakiwa hai.

Mungu akupe mikono imara kwa kazi na laini kwa watoto. Akupe jua madirishani na paa lisilovuja. Yule mama anayekuja akae kwako kwa amani, ampokee mjukuu wake akiwa na afya, na kila mtu atakayelala ndani ya nyumba yako, mwanangu, aamke.